Mgonjwa wa nani? Historia ya maneno yaliyo nyuma ya hesabu za afya yetu

LUHWINDJA – Kila mwisho wa mwezi, muuguzi titulere wa kituo cha afya hufunga rejista, huchukua kalamu na kuanza kuhesabu. Wagonjwa wapya ni wangapi? Waliorudi kwa ugonjwa uleule ni wangapi? Malaria ngapi, kuhara ngapi, akina mama wangapi walizalia kituoni, watoto wangapi walimaliza chanjo? Majibu huandikwa kwenye karatasi ya ripoti ya mwezi. Karatasi huenda kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, hesabu zake huenda kwenye Divisheni ya afya ya jimbo, kisha Kinshasa. Ndivyo njia ilivyopangwa. Kwetu Luhwindja, zoni ni ile ya Mwana, ambayo inatubeba sisi pamoja na majirani wetu wa Burhinyi, katika teritware ya Mwenga.

Ndani ya rejista hiyo kuna swali dogo ambalo mgonjwa mara nyingi halisikii likiulizwa kwa uzito: anatoka ndani ya eneo hili la afya, nje ya eneo, au nje ya zoni kabisa? Kwa mtu aliyezaliwa hapa na kukaa hapa, jibu ni jepesi. Kwa familia iliyokimbia vita, au iliyohamishwa kwa ajili ya mgodi, jibu hilo linaweza kuamua kama dawa yake ilihesabiwa katika mpango wa mwaka au haikuhesabiwa.

Wasikilizaji wengi huuliza kwa nini dawa zinaisha kabla ya mwezi kuisha, na kwa nini hesabu za serikali hazifanani na yale wanayoyaona. Sababu ni nyingi: barabara, pesa, vita. Lakini kuna moja isiyozungumzwa sana. Nyuma ya kila hesabu kuna neno, na neno hilo lazima liwe na maana moja kwa wote wanaohesabu. Kongo imetafuta maana hiyo moja kwa miaka mingi, na historia hiyo inatuhusu moja kwa moja.

Ugonjwa mmoja, majina manne

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Mwaka wa 1839 huko Uingereza, William Farr, aliyefanya kazi katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, alilalamika kwamba ugonjwa mmoja ulikuwa ukiitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja lilikuwa likitumika kwa magonjwa tofauti. Katika hali hiyo huwezi kulinganisha mji na mji. Mji wenye vifo vingi vya homa unaweza kuwa na homa nyingi kweli, au unaweza kuwa na madaktari wanaoita kila kitu homa.

Mwaka wa 1893, Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya sababu za vifo, nayo ikakubaliwa na wataalamu wa takwimu wa nchi mbalimbali waliokutana Chicago. Mwaka wa 1948 Shirika la Afya Duniani, OMS, lililokuwa limeanza tu, lilichukua kazi ya kuitunza orodha hiyo. Leo tumefika toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022.

Orodha ya dunia ni jambo moja. Kumfanya muuguzi wa kijijini na daktari wa hospitali kubwa waandike kitu kilekile kwa neno lilelile ni jambo jingine, na nchi yetu imepita njia ndefu katika hilo.

Wakati wa Wabelgiji: kila mtu na daftari lake

Wakati wa ukoloni, kuhesabu wagonjwa kulianza kwa nguvu kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Timu zilipita vijijini, watu wakapangwa mistari, shingo zikapapaswa. Mtu hakuweza kutembea toka sehemu moja hadi nyingine bila karatasi ya afya, iliyoitwa pasipoti ya afya. Mwaka wa 1930 ilianzishwa FOREAMI, mfuko uliobeba jina la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, na timu zake zikahesabu watu kijiji kwa kijiji katika sehemu walizopewa.

Hesabu zile zilijibu maswali ya waliozitaka. Serikali ilitaka kujua malale. Makampuni ya migodi na mashamba yalitaka kujua nguvu ya wafanyakazi wao. Wamisionari waliandika wale waliofika katika hospitali zao. Huku Kivu, chuo kikuu cha Louvain kilikuwa na kazi yake ya tiba kwa jina la FOMULAC, na hata leo kuna wanaoiita hospitali ya Katana kwa jina hilo. Kila mmoja alikuwa na daftari lake. Mwenye daftari aliweza kusema ni wagonjwa wangapi walipita mlangoni kwake. Hakuweza kusema ni wangapi waliobaki nyumbani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema wazi: watu hawa wote, wazima na wagonjwa, ni wa kituo hiki.

Kasongo, na kuzaliwa kwa zoni ya afya

Neno hilo, "watu wa kituo hiki", lilipata maana katika miaka ya 1970, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika si mbali na sisi. Kuanzia 1971, timu ya madaktari wa Kongo na wa Ubelgiji, pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, ilifanya kazi huko Kasongo. Wakati huo Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu. Majaribio ya namna hiyo yalifanyika pia Bwamanda huko Equateur na Kisantu huko Bas-Congo.

Wazo lao lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulifanya. Kituo cha afya kipewe eneo lenye mipaka, na watu wanaojulikana, kwa kawaida karibu 10,000. Vituo kadhaa vifanye zoni, na zoni iwe na hospitali kuu moja ya kupokea wagonjwa wanaotumwa. Kazi ya kituo isipimwe kwa wagonjwa waliofika tu. Ipimwe kwa watu wote wa eneo. Kama mama 100 walijifungulia kituoni, swali linalofuata ni: kati ya mama wangapi waliotakiwa kujifungua mwaka huo?

Mwaka wa 1978 mkutano wa Alma-Ata, uliokuwa katika Umoja wa Kisovieti, ulitangaza huduma ya afya ya msingi kwa wote. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa, ilikuwa tayari na mfano mkononi. Katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ikagawanywa katika zoni za afya 306. Serikali, Wakatoliki na Waprotestanti walikubaliana kufanya kazi ndani ya ramani moja. Hospitali ya misioni iliweza kuwa hospitali kuu ya zoni. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu sasa neno "eneo la afya" na neno "hospitali kuu ya zoni" yalikuwa na maana ileile Bukavu, Mbandaka na Lubumbashi.

Wakati uleule, mwaka wa 1984, nchi ilifanya hesabu ya watu wote. Ilikuwa ya mwisho. Toka mwaka huo hadi leo Kongo haijahesabu tena watu wake wote. Vijana waliozaliwa mwaka ule sasa ni wazazi, wengine ni babu na bibi, na ofisi bado zinapiga hesabu kwa kuongeza asilimia fulani kila mwaka juu ya idadi ya zamani, au kwa kutegemea hesabu wanazofanya reko na wauguzi wanapopita nyumba kwa nyumba. Tuliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Vita vilivyokata waya

Mfumo ule haukupewa muda wa kukomaa. Mwaka wa 1990, baada ya wanafunzi kuuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji na nchi nyingine zilikata msaada. Uporaji wa 1991 na 1993 ukafuata. Mwaka wa 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa Bukavu na Goma. Mwaka wa 1996 vita, mwaka wa 1998 vita tena. Kuanzia hapo Bukavu ilitawaliwa na RCD, na nchi ilikuwa na serikali zaidi ya moja.

Katika miaka ile mashirika ya msaada yalibeba sehemu kubwa ya tiba, na kila shirika lilikuja na fishi zake. Moja lilihesabu watoto wa chini ya miaka 5, jingine watoto wa miezi 6 hadi 59. Moja liliandika mgonjwa mara moja, jingine liliandika kila mara aliporudi. Muuguzi mmoja aliweza kujaza karatasi tatu kwa mgonjwa mmoja, na zile karatasi tatu zisifanane.

Mfano mkubwa wa gharama ya neno lisilokubaliwa ulitoka katika vita hivyo. Shirika la IRC lilifanya uchunguzi wa vifo mara kadhaa kuanzia mwaka wa 2000. Uchunguzi wa mwisho, uliotolewa Januari 2008, ulisema kwamba watu milioni 5.4 walikufa zaidi ya kawaida kati ya 1998 na 2007, wengi wao kwa malaria, kuhara, magonjwa ya kifua na njaa, si kwa risasi. Hesabu hiyo ilizunguka dunia nzima. Miaka michache baadaye watafiti wa chuo kikuu cha Simon Fraser huko Kanada waliipinga. Sehemu kubwa ya ubishi ilihusu neno "kawaida". Kama unahesabu vifo vilivyozidi kawaida, lazima kwanza useme kawaida ya Kongo ilikuwa vifo vingapi kabla ya vita. IRC walichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, vifo 1.5 kwa watu 1,000 kila mwezi. Wapinzani wakasema Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani huo hata kabla ya vita, kwa hiyo vita visibebeshwe vifo vyote hivyo.

Sisi tuliozika watu wetu tunaweza kukasirika kusikia ubishi wa namna hiyo. Lakini tuone ulitoka wapi. Ulitoka katika rejista zilizokosekana. Kama kila zoni ingekuwa imeandika vifo vyake kwa maana moja kabla ya 1998, nafasi ya kubishana ingekuwa ndogo.

Zoni 515 na neno lenye bei

Vita vilipopungua, mwaka wa 2003 ramani ilichorwa upya na nchi ikawa na zoni 515. Leo ni 519, na Kivu ya Kusini ina 34. Serikali ilirudisha ripoti moja ya mwezi kwa vituo vyote, chini ya mfumo wa kitaifa wa habari za afya unaojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, SNIS. Iliandikwa nini kituo cha afya kinapaswa kufanya na nini hospitali kuu inapaswa kufanya, ili neno "kituo cha afya" lisitumike kwa nyumba yenye muuguzi mmoja na sanduku la dawa.

Katika miaka hiyohiyo jimbo letu lilipata somo jingine. Shirika la Cordaid la Uholanzi lilileta Kivu ya Kusini mtindo wa kulipa vituo kufuatana na kazi waliyoifanya: kiasi fulani kwa mama aliyezalia kituoni, kiasi fulani kwa mtoto aliyemaliza chanjo. Mara neno likawa na bei. "Mtoto aliyemaliza chanjo" ni yupi? Aliyepata zote kwa umri unaotakiwa, au hata aliyekosa moja? Na mgonjwa aliyeandikwa, yupo kweli? Vyama vya watu wa hapahapa vilitumwa vijijini kutafuta majina yaliyokuwa katika rejista, nyumba kwa nyumba, na kuuliza: ulitibiwa tarehe hii? Majina yasiyo na mtu yalijulikana haraka. Hapo wengi walielewa kwamba maana ya neno si kazi ya Kinshasa tu. Mama wa kijijini naye anaweza kuihakikisha.

Hesabu zilikusanywa kwanza kwa programu iliyoitwa GESIS, iliyokaa kwenye kompyuta za ofisi. Katikati ya miaka ya 2010 nchi ikaingia katika programu ya DHIS2, inayotumia intaneti. Historia ya programu hiyo inafaa kujulikana. Ilianza Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka wa 1994. Ubaguzi ulikuwa umeacha idara 14 za afya, kila moja na fomu zake. Watafiti wa huko, pamoja na chuo kikuu cha Oslo cha Norwei, walikuta kwamba kazi ngumu haikuwa kompyuta. Kazi ngumu ilikuwa kukaa mezani na wauguzi na kukubaliana orodha fupi ya mambo ya kuhesabu, na kila jambo lina maana gani. Orodha ilipopatikana, programu ikafuata. Zanzibar ilipita njia hiyo katika miaka ya 2000, na Kenya ikaiweka DHIS2 kwenye intaneti kwa nchi nzima mwaka wa 2011.

Maana ikibadilika, ugonjwa unaonekana kubadilika

Tuchukue magonjwa tunayoyajua. Zamani mtu mwenye homa alihesabiwa kuwa na malaria na kupewa dawa. Mwaka wa 2010 OMS ilisema kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na vipimo vya haraka vikasambazwa. Toka hapo kuna "malaria iliyoshukiwa" na "malaria iliyothibitishwa". Kituo kilichokuwa na wagonjwa wengi wa malaria kinaweza kuonekana kimepunguza ugonjwa, kumbe kimeanza kupima. Na kituo kilichoishiwa vipimo kinaweza kuonekana hakina malaria, kumbe hakina vipimo.

Kipindupindu nacho. Kwa miaka mingi, mahali ambapo mlipuko haujatangazwa, mgonjwa wa kushukiwa alikuwa mtu wa miaka 5 au zaidi mwenye kuhara maji na kukaukiwa vikali, kwa sababu watoto wadogo wanaharishwa na mambo mengi. Baadaye umri ulishushwa hadi miaka 2. Hakuna kijidudu kilichobadilika siku ile. Lilibadilika neno, na watoto wa miaka 2, 3 na 4 wakaingia katika hesabu.

Kifo cha mama mzazi kina mpaka wake pia: ni kifo cha mwanamke akiwa na mimba au ndani ya siku 42 baada ya mimba kumalizika, kwa sababu inayotokana na mimba hiyo. Akifa siku ya 50, familia inalia vilevile, lakini anaandikwa mahali pengine. Mpaka huo unaweza kuonekana mkali. Bila huo, hata hivyo, hospitali moja ingehesabu wiki moja, nyingine mwaka mzima, na tusingejua wapi akina mama wanakufa zaidi.

Jambo lililotukaribia kuliko yote ni mpox ya Kamituga, ndani ya teritware yetu wenyewe ya Mwenga. Kati ya Septemba 2023 na Januari 2024 walihesabiwa wagonjwa 241 walioshukiwa. Waliothibitishwa kwa maabara walikuwa 108. Wengi wao walikuwa vijana wakubwa, umri wa katikati ukiwa miaka 22, na watafiti waliona virusi vya namna mpya vilivyokuwa vikienea pia kwa njia ya kujamiiana. Kwa kawaida mpox ya Kongo ilijulikana kama ugonjwa wa misitu, wa watoto na wa nyama ya porini. Ilionekana kwamba Kamituga ni jambo tofauti kwa sababu rejista ziliandika umri, kazi na dalili za kila mgonjwa kwa utaratibu mmoja. Agosti 14, 2024, OMS ilitangaza mpox kuwa dharura ya dunia. Kengele hiyo ya dunia ilianza na rejista za mji wa wachimba dhahabu, safari fupi toka hapa kwetu.

Lakini tuangalie hesabu zile mbili, 241 na 108. Anayetaka kutisha watu atachukua ya kwanza, anayetaka kuwatuliza atachukua ya pili. Zote ni za kweli, kila moja kwa neno lake. Ndiyo maana sisi wa redio tunapaswa kusema neno pamoja na hesabu, "walioshukiwa" au "waliothibitishwa", kila mara.

Na sisi tuliohama?

Turudi sasa kwenye lile swali la ndani ya eneo na nje ya eneo, na kwenye hesabu ya watu ya 1984.

Luhwindja haijatulia mahali pamoja. Mgodi wa Twangiza ulipoanza kutoa dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 2010, kuna familia zilizohamishwa toka kilimani na kupelekwa Cinjira. Wachimbaji walikuja toka pande nyingi na wengine wakaondoka. Vita vilipofika Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, watu wengi wa jimbo hili walikimbia, wengine wakarudi, wengine wakakimbia tena. Mtu anaweza kuwa ameishi katika maeneo matatu ya afya ndani ya mwaka mmoja.

Tuseme eneo moja la afya limeandikiwa watu 10,000. Kwa desturi ya nchi yetu, akina mama wenye mimba wanakadiriwa kuwa asilimia 4 ya watu, yaani 400 kwa mwaka, kama 33 kwa mwezi. Vifaa vya kuzalisha, dawa za damu na vyandarua vya akina mama vinapangwa kwa idadi hiyo. Sasa waje watu 3,000 waliokimbia. Mimba zinakuwa 520 kwa mwaka, kama 43 kwa mwezi. Kila mwezi kuna mama 10 ambao hawakupangiwa kitu.

Muuguzi afanye nini na hao 10? Akiwaandika pamoja na wote, ripoti yake itaonyesha kwamba kituo kimehudumia asilimia 130 ya akina mama wake, na huko juu watasema amedanganya. Akiwaandika upande wa "nje ya eneo", ripoti yake itakuwa nzuri, asilimia 100, na mama 10 watakuwa wametibiwa kwa dawa za wengine bila kuonekana katika mpango wa mahali popote. Na huko walikotoka, idadi ya watu haijapunguzwa. Kituo cha huko kinaonekana kimelala, kwa sababu bado kinadaiwa akina mama ambao hawapo tena.

Hapo hakuna mtu aliyeiba wala aliyedanganya. Kila mmoja amefuata maana aliyopewa. Tatizo ni kwamba maana ya "mtu wa eneo" ilitengenezwa kwa nchi iliyotulia, miaka ya Kasongo, wakati mtu alijulikana kwa kilima chake na kwa mwami wake. Sisi tumekuwa nchi ya watu wanaotembea na magodoro kichwani. Mpox tuliigundua kwa sababu kila mgonjwa aliandikwa umri na kazi. Waliokimbia nao wanahitaji neno lao ndani ya rejista: amekimbia toka wapi, toka lini, na sasa anakaa wapi. Na neno hilo liwe lilelile Mwana, Walungu, Uvira na Bujumbura.

Kuna wanaosema kwamba kila neno jipya ni safu nyingine kwa muuguzi aliyechoka, na wana haki. Karatasi ndefu sana hujazwa kwa kubahatisha usiku wa mwisho wa mwezi. Somo la Afrika Kusini lilikuwa hilohilo: orodha iwe fupi. Kama swali la waliokimbia linaingia, swali jingine lisilotumika litoke. Kuna pia hofu ambayo lazima tuiseme. Anayeandika mahali ulikotoka na mahali unapokaa anaweza kukusaidia, na karatasi hiyo ikianguka katika mikono mibaya inaweza kukudhuru. Tulikwisha kuwa na pasipoti ya afya katika nchi hii. Kwa hiyo ripoti inayopanda juu ibebe hesabu, na majina yabaki kituoni.

Wakati tunangoja wakubwa wakubaliane, kuna mambo yaliyo mikononi mwetu. Unapofika kituoni, sema unakokaa sasa na ulikotoka, na uliza umeandikwa upande gani. Tunza kadi ya chanjo ya mtoto kuliko nguo, maana bila kadi hiyo anaweza kuhesabiwa kama ambaye hajaanza, au kuchanjwa na kuhesabiwa mara mbili. Mtoto akizaliwa nyumbani, au mtu akifia nyumbani, mjulishe reko wa kijiji, kwa sababu kifo kisichoandikwa hakiombi dawa kwa ajili ya walio hai. Na kila eneo la afya lina kamati yake ya maendeleo, CODESA. Familia zilizopokelewa na zile zilizohamishwa ziombe kiti ndani yake, na CODESA ziombe ofisi ya zoni ihesabu watu upya kila watu wengi wanapoingia au kuondoka, bila kungoja hesabu ya nchi nzima ambayo tumeingoja toka 1984.